Elimu jumuishi katika shule za msingi za pwani ya Mtwara

Elimu jumuishi ni utaratibu wa kuwafundisha watoto wote katika shule moja na, inapowezekana, katika darasa moja, wakiwemo watoto wenye ulemavu na wale wenye mahitaji mengine maalumu ya kujifunza. Katika utaratibu huo shule ndiyo inayotakiwa kubadilika ili imfae mtoto. Mtoto hasubiri kwanza afanane na wenzake ndipo apokelewe. Makala hii inahusu elimu ya msingi katika ukanda wa pwani wa Mkoa wa Mtwara, kusini-mashariki mwa Tanzania, kuanzia Mikindani na mji wa Mtwara hadi Msimbati, Ghuba ya Mnazi na mdomo wa mto Ruvuma mpakani na Msumbiji. Inaeleza pia historia na sheria za nchi zinazozihusu shule hizo.

Maneno yanayotumika

Elimu maalumu, elimu mchanganyiko na elimu jumuishi si kitu kimoja, ingawa katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Elimu maalumu hutolewa katika shule au kitengo cha peke yake, kwa mfano shule ya viziwi. Katika elimu mchanganyiko mtoto mwenye ulemavu huwekwa katika shule ya kawaida, lakini yeye ndiye anayejitahidi kuifuata shule jinsi ilivyo. Elimu jumuishi hugeuza wajibu huo: majengo, vitabu, ufundishaji na mitihani ndivyo vinavyorekebishwa. Shule nyingi za Tanzania zinazoitwa jumuishi kwa kweli ziko katikati: kuna kitengo chenye mwalimu wake, na watoto huchanganyika na wenzao katika baadhi ya masomo, michezo na mapumziko.

Kiswahili chenyewe kina historia yake katika jambo hili. Maneno ya zamani kama kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yako katika ngeli ya KI-VI, ambayo hubeba hasa majina ya vitu, na wapo watetezi wa haki wanaoona kwamba ngeli hiyo inamshusha mtu. Ndiyo maana leo husemwa asiyeona, mwenye uoni hafifu, mwenye ulemavu wa viungo, mwenye ulemavu wa akili. Neno zeruzeru nalo limeachwa, likachukuliwa na mtu mwenye ualbino. Hata hivyo jamii ya viziwi haikulikataa jina lake: chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), kwa kuwa wengi wao hujiona kuwa watu wenye lugha yao, si watu waliopungukiwa kitu. Mwalimu anayetafuta neno sahihi afadhali awaulize wenyewe.

Historia

Elimu rasmi ya watoto wenye ulemavu nchini ilianzishwa na makanisa. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Katika Mkoa wa Mtwara kazi hiyo ilifanyika bara zaidi kuliko pwani: Masasi, mji uliokua kuzunguka misheni ya Waanglikana iliyoanza mwaka 1876, una shule ya wasioona iliyotokana na kanisa hilo. Kwa familia ya mvuvi wa Msimbati ilimaanisha kwamba mtoto asiyeona angepata shule iwapo tu angeondoka nyumbani na kwenda kuishi bweni, mbali na bahari na ndugu zake.

Serikali iliingia taratibu. Jijini Dar es Salaam, shule ya Uhuru Mchanganyiko ilipata jina lake kwa kuwapokea watoto wasioona pamoja na wanaoona, na baadaye ikawapokea pia watoto wenye ulemavu wa akili na wasioona ambao pia hawasikii. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aende shule, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ukatekelezwa mwaka 1977, na Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ikafanya elimu ya msingi kuwa ya lazima. Katika vijiji vingi neno "wote" lilieleweka kuwa wote wanaoweza kutembea hadi shuleni, kuona ubao na kumsikia mwalimu.

Mabadiliko ya fikra yalitoka katika mkutano wa Salamanca, Hispania, mwezi Juni 1994, ambapo wawakilishi wa serikali 92 na mashirika ya kimataifa 25 walikubaliana kwamba shule za kawaida ndizo mahali pa watoto wote. Tanzania ilianza majaribio mwaka 1998 katika shule za Temeke, Dar es Salaam, kwa ushirikiano wa wizara ya elimu na UNESCO. Kisha ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa 2002 hadi 2006, ulioondoa ada na kujaza madarasa kupita kiasi. Watoto wenye ulemavu waliandikishwa kwa wingi zaidi kuliko zamani, lakini waliingia katika vyumba ambamo mwalimu mmoja hakuweza hata kulifikia dawati la nyuma.

Sheria na sera

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazungumzia elimu jumuishi katika ibara ya 24. Tanzania iliutia sahihi mwaka 2007 na kuuridhia mwaka 2009. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida, ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano ya aina ya pekee. Kabla yake kulikuwa na sera ya taifa ya mwaka 2004 kuhusu watu wenye ulemavu. Zanzibar ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 2006.

Wizara ya elimu imetoa mikakati ya taifa ya elimu jumuishi kwa vipindi: 2009 hadi 2017, 2018 hadi 2021, na 2021/22 hadi 2025/26. Elimu bila ada ilirejeshwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na tangu Januari 2016 shule za msingi hupata ruzuku inayokokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kiasi hicho kinatosha chaki na karatasi, si mashine ya nukta nundu wala shime sikio. Vifaa vya namna hiyo hununuliwa na serikali kuu au hutolewa na wafadhili, na shule ndogo ya pembezoni huvisubiri kwa muda mrefu.

Kuhusu idadi, utafiti wa taifa wa mwaka 2008 ulikadiria kwamba asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi walikuwa na ulemavu; sensa ya mwaka 2022 ilitoa asilimia 11.2. Tofauti hiyo isisomwe haraka kama ongezeko la ulemavu. Maswali yanapobadilika na familia zinapoacha kuficha, hesabu nayo hupanda.

Mazingira ya pwani

Ghuba ya Mnazi inajulikana zaidi kwa gesi asilia, iliyogunduliwa mwaka 1982 na kuanza kuzalisha umeme wa Mtwara na Lindi zaidi ya miongo miwili baadaye, na kwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Watu wake huishi kwa uvuvi, minazi, mpunga wa mabondeni, chumvi na korosho. Mambo hayo yote yanaingia darasani.

La kwanza ni mchanga. Kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali hakisogei katika njia za Msimbati. Magurudumu ya mbele huzama, na mtoto hubebwa mgongoni na mama au kaka. Anapokuwa mdogo inawezekana. Akifika miaka kumi na uzito ukiongezeka, safari ya shule hufa kimyakimya bila mtu yeyote kutangaza kwamba ameacha masomo. Baiskeli ya magurudumu matatu yenye matairi mapana hufaa zaidi, na matengenezo yake yanawezekana kwa fundi baiskeli wa kawaida. Visiwa na rasi huongeza shida nyingine: anayeishi ng'ambo hupanda mtumbwi au kivuko, na wakati wa masika njia za bondeni karibu na Ruvuma hufunikwa na maji.

La pili ni jua. Mtoto mwenye ualbino huungua ngozi, na karibu kila mara ana uoni hafifu pia, kwa sababu rangi inayokosekana katika ngozi hukosekana vilevile ndani ya jicho. Anahitaji kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na ruhusa ya kutosimama paredi ya asubuhi kwenye uwanja usio na kivuli. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yaliyotikisa nchi kuanzia miaka ya 2007 na 2008 yalitokea hasa Kanda ya Ziwa, ambako watoto wengi walihamishiwa katika shule za bweni kama Buhangija, Shinyanga, na Mitindo, Misungwi, ili kulinda maisha yao. Hofu ilifika nchi nzima, na wazazi wengi waliogopa kumwacha mtoto atembee peke yake. Hatua ya kuwahifadhi bwenini iliokoa maisha, lakini pia iliwatenga watoto na jamaa zao kwa miaka, jambo ambalo elimu jumuishi ilikusudia kulimaliza.

La tatu ni msimu. Korosho huvunwa kuanzia takriban Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, na familia nyingi za Mtwara huhamia mashambani kwa wiki kadhaa. Jando na unyago, ambavyo kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua ni sehemu kubwa ya kulea, hupangwa zaidi wakati wa likizo lakini huweza kuvuka na kuingia katika muhula. Mtoto wa kawaida aliyekosa wiki tatu hujikwamua. Mwenye ulemavu wa akili, ambaye kujifunza kwake kunategemea kurudiarudia jambo lilelile kila siku, huweza kupoteza alichojifunza muhula mzima.

La nne ni lugha. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, lakini katika vijiji vya mpakani watoto wengi huanza darasa la kwanza wakizungumza Kimakonde nyumbani. Asiyejibu swali anaweza kuwa hasikii, au haelewi Kiswahili bado, au anaogopa tu. Mambo hayo matatu yana tiba tofauti, na kumpachika mtoto jina la "mzito wa kuelewa" kabla ya kuyatenganisha ni kosa linaloweza kumfuata hadi darasa la saba.

Kwa upande mwingine pwani ina mila moja inayosaidia. Katika madrasa Kurani hufundishwa kwa kusikiliza na kurudia, na katika ulimwengu wa Kiislamu mahafidhi wasioona wamejulikana kwa karne nyingi. Mzazi anayejua kwamba mtoto asiyeona anaweza kuhifadhi sura nzima hana sababu ya kudhani kwamba hawezi kujifunza jedwali la kuzidisha.

Upimaji

Kazi huanza kwa kugundua. Ulemavu unaoonekana, kama wa miguu, hujulikana mapema. Usikivu hafifu, uoni hafifu, usonji na matatizo ya kusoma hubaki yamefichika hadi mtoto anaposhindwa. Malaria kali inayofika kwenye ubongo, homa ya uti wa mgongo na usaha wa sikio usiotibiwa ni miongoni mwa sababu za ulemavu ambazo mwalimu wa darasa la awali anaweza kuzisikia kwa kumuuliza mama maswali machache tu.

Mwalimu mwenyewe anaweza kufanya uchunguzi wa awali bila kifaa chochote. Humwita mtoto kwa sauti ya kawaida akiwa nyuma yake. Humpa asome herufi kubwa kutoka umbali wa hatua kadhaa, jicho moja likiwa limefunikwa. Huangalia kama anakishika kitabu karibu na pua, kama anageuza shingo ili sikio moja liwe mbele, kama macho yanachezacheza. Huo si uganga. Baada yake mtoto hupelekwa hospitali, ambayo kwa pwani hii kwa miaka mingi imekuwa Ligula, mjini Mtwara. Wapo watoto ambao tatizo lao huisha kwa miwani au kwa kusafishwa sikio, na wakati mwingine mtoto aliyekuwa akihesabiwa mjinga hupanda hadi nafasi za juu katika muhula mmoja.

Kenya ilianzisha vituo vya upimaji wa kielimu mwaka 1984, na taasisi yake ya elimu maalumu mwaka 1986. Tanzania imekwenda polepole zaidi katika jambo hili, na mikakati ya karibuni inasisitiza vituo vya upimaji na usaidizi vilivyo karibu na shule.

Darasani

Kwa mtoto kiziwi jambo la msingi ni lugha. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili yenye sarufi yake, si ishara za kubahatisha. Anayefika shuleni akiwa na miaka saba bila lugha yoyote, kwa kuwa nyumbani hakuna anayejua alama, hawezi kufundishwa kusoma kwanza. Hana maneno ya kuyasoma. Hapa ndipo shule za viziwi zinapoendelea kutetewa, kwani mtoto hujifunza lugha kwa kuishi na wanaoitumia. Mwenye usikivu hafifu ni jambo jingine: huketi mbele, upande wa sikio linalosikia, na mwalimu hazungumzi akiwa ameugeukia ubao. Wala hasimami dirishani, maana mwanga mkali wa pwani ukiwa nyuma yake, uso huwa mweusi na midomo haionekani.

Asiyeona hutumia nukta nundu, mfumo uliobuniwa na Mfaransa Louis Braille katika miaka ya 1820. Kila herufi huundwa kwa nukta kati ya moja na sita. Kiswahili kinaufaa vizuri mfumo huo kwa sababu huandikwa jinsi kinavyotamkwa. Shida iko katika ujazo: kitabu kimoja cha darasa la tano huwa mabuku kadhaa mazito, na karatasi yake nene hulegea katika unyevu wa pwani, nukta zikabonyea zisisomeke. Mwalimu asiyejua nukta nundu bado anaweza kusaidia kwa kusoma kwa sauti kila anachokiandika ubaoni. Kusema "tazameni hapa, hii ukijumlisha na hii" hakumpi asiyeona chochote.

Mwenye uoni hafifu asifundishwe nukta nundu kwa sababu tu ni rahisi kumweka pamoja na wasioona. Akipewa maandishi makubwa, kalamu nyeusi nzito na ruhusa ya kuusogelea ubao, wengi husoma kwa macho.

Kwa watoto wenye ulemavu wa akili kazi huvunjwa vipande vidogo. Kufunga kamba ya kiatu kunaweza kuwa na hatua sita, na kila hatua huwa somo. Hesabu huanza na vitu vya kushika, na hapa shule ya pwani haina uhaba: korosho, simbi, vifuu vya nazi. Mtoto anayeweza kupanga korosho kumi kumi ameshaanza kuelewa makumi, hata kama hajaweza kuandika 10. Kwa mwenye usonji, ratiba isiyobadilikabadilika na kona tulivu husaidia kuliko kukemewa. Wenye ugumu wa kutulia hupewa kazi fupifupi na sababu za kunyanyuka: kugawa madaftari, kufuta ubao.

Mbinu nyingi kati ya hizi huwafaa watoto wote. Kusoma kwa sauti kilichoandikwa ubaoni, kufundisha kwa vitu na kukagua nani hajaelewa kabla ya kuendelea ni ualimu mzuri popote. Mradi wa Tusome Pamoja, uliofanya kazi Mtwara, Ruvuma, Iringa, Morogoro na Zanzibar kuanzia mwaka 2016, ulilenga stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya chini. Ni katika madarasa hayo hasa ndipo mtoto mwenye shida ya kusoma hugunduliwa au hupotea.

Choo nacho ni sehemu ya elimu. Msichana mwenye ulemavu wa viungo ambaye hawezi kuchuchumaa hujizuia kunywa maji siku nzima, au haji kabisa. Kiti cha mbao chenye tundu, vyuma viwili vya kushikilia ukutani na mlango unaopitisha kiti cha magurudumu hugharimu kidogo kuliko darasa jipya, lakini husahaulika katika michoro. Halmashauri hutoza kampuni, zikiwemo za gesi, ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mauzo. Fedha hizo zinaweza kufanya marekebisho kama haya bila kusubiri mfadhili, iwapo kamati za shule zitayaandika katika mipango yao.

Mitihani

Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa kwa upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Nafuu hiyo hupatikana kwa mtahiniwa aliyeandikishwa mapema kwa mahitaji yake. Mwalimu mkuu asipojaza sehemu hiyo wakati wa usajili, mtoto hukuta karatasi ya kawaida mezani siku ya mtihani.

Walimu

Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru mkoani Arusha, ndicho chuo kikuu cha serikali cha kuandaa walimu wa elimu maalumu katika ngazi ya stashahada na cheti. Kutoka Mtwara hadi huko ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mjini Mtwara kuna vyuo vya ualimu vya serikali na Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, kilichofunguliwa mwaka 2009, vinavyoandaa walimu wa kawaida. Ni hao watakaokutana na watoto hawa kila siku.

Mgawanyo wa walimu waliosomea fani hii ni tatizo linalojirudia. Aliyesomea uziwi hupangiwa shule yenye watoto wasioona, au hupangiwa shule isiyo na kitengo akafundisha jiografia. Anapohama, kitengo hufa naye, kwa kuwa hakuna mwenzake aliyefundishwa alama wala nukta nundu. Shule zilizofaulu kudumu kwa kawaida ni zile ambazo mwalimu mtaalamu aliwafundisha wenzake mchana baada ya vipindi, na wanafunzi pia, hadi alama za msingi zikajulikana na darasa zima.

Mjadala

Wapo wanaosema elimu jumuishi bila vifaa ni kumweka mtoto darasani ili takwimu zipendeze. Wengine hujibu kwamba shule maalumu ni chache na ziko mbali, hivyo kusubiri shule kamilifu ni kumwacha mtoto nyumbani. Hoja zote mbili zina uzito, lakini hazilingani kwa kila ulemavu. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa viungo au uoni hafifu, shule ya kijijini kwake ikirekebishwa kidogo inatosha, na kumpeleka bweni ni kumwadhibu bila kosa. Kwa mtoto kiziwi asiye na lugha, darasa la wasikiao lisilo na mtu ajuaye alama ni upweke tu. Uganda, ilipoanza elimu ya msingi bila ada mwaka 1997 kwa watoto wanne wa kila familia, iliagiza kwamba mwenye ulemavu apewe kipaumbele kati ya hao wanne.

Wazazi nao hugawanyika. Baadhi hupenda bweni kwa sababu mtoto hula na kulindwa huko wakati wa msimu wa korosho, mwezi ambao nyumba hubaki tupu. Wengine hukataa kumpeleka mbali mtoto wa kike, wakihofia usalama wake. Afisa elimu anayewatembelea huulizwa zaidi swali moja, nalo ni nani atakayempokea mtoto huyo akishamaliza darasa la saba, kwa kuwa shule za sekondari zenye walimu na vifaa vya namna hiyo ni chache kuliko za msingi.